Friza Isiyogandisha: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Mji wa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, uko kilometa 40 hivi magharibi ya Dar es Salaam, katika barabara kuu iendayo Morogoro. Wasomaji wengi wanaufahamu kwa sababu ya Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mkataba wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nordiki, na likakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Lakini mji huu una sifa nyingine isiyotajwa sana vitabuni, nayo ni joto lenye unyevu mwingi. Katika miezi ya Desemba hadi Machi halijoto ya mchana hufika nyuzi 32 za Selsiasi au kuzidi, na hewa hubeba mvuke mwingi kutoka Bahari ya Hindi.

Katika hali ya hewa ya namna hiyo friza si chombo cha anasa. Kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, friza ndiyo ghala la samaki walionunuliwa alfajiri katika soko la Feri, ndiyo inayohifadhi nyama ya harusi, na ndiyo mtaji wa mama anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule. Inapoacha kugandisha, hasara haisubiri. Samaki wa shilingi laki moja huharibika katika usiku mmoja, na pengine watu wa nyumba nzima huugua.

Mara nyingi hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi: "Gesi imeisha." Fundi huitwa, bomba hutobolewa, gesi mpya hujazwa, na fedha hulipwa. Baada ya wiki chache tatizo hurudi palepale, kwa kuwa ugonjwa haukuwa gesi. Makala hii inaeleza jinsi friza inavyofanya kazi, na jinsi mtu aliyesoma fizikia ya sekondari anavyoweza kutafuta chanzo cha hitilafu hatua kwa hatua kabla ya kutoa fedha mfukoni.

BARIDI HUTOKA WAPI?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba friza haitengenezi baridi. Baridi si kitu kinachoweza kutengenezwa. Ni upungufu wa joto. Kazi ya friza ni kulichukua joto lililomo ndani ya sanduku na kulitupa nje. Ni kama mtu anayekumba maji katika mtumbwi unaovuja: maji hayaachi kuingia, naye haachi kuyatoa. Mtumbwi utaelea iwapo tu kasi ya kutoa inashinda kasi ya kuingia.

Kazi hiyo hufanywa na kipozaji, ambacho mafundi wa mitaani hukiita gesi. Mtu akijipaka spiriti mkononi huhisi ubaridi, kwa sababu spiriti inapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka katika ngozi. Joto hilo, linalobadili hali ya kitu pasipo kubadili halijoto yake, huitwa joto fiche. Kipozaji hufanya hivyo hivyo, ila kimefungiwa ndani ya mabomba ili kitumike tena na tena.

Safari yake ina vituo vinne. Kwanza ni kompresa, ile pampu nyeusi iliyo chini, upande wa nyuma. Kompresa huifyonza gesi yenye kanieneo ndogo na kuikandamiza mpaka ikawa na kanieneo kubwa na joto kali. Pili ni kondensa, mabomba yaliyo nyuma ya friza au yaliyofichwa ndani ya kuta zake za nje. Hapo gesi hutoa joto lake kwa hewa ya chumba na kugeuka kuwa kiowevu. Tatu ni kapilari, bomba jembamba mno linalokizuia kiowevu kupita kwa wingi, hivyo kwamba kikitoka upande wa pili kanieneo yake huwa imeshuka ghafla. Nne ni kivukizi, mabomba yaliyomo ndani kwenye chakula. Kwa kuwa kanieneo hapo ni ndogo, kiowevu huchemka katika halijoto ya chini sana, na joto la kuchemkia hulitoa katika samaki na nyama. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Halijoto inayofaa ndani ya friza ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Themostati ndiyo inayoamuru kompresa kuwaka na kuzima ili halijoto ibaki hapo. Kutokana na maelezo haya, yafuata kwamba friza isiyogandisha ina moja ya matatizo manne: haipati umeme wa kutosha, joto linaloingia ndani limezidi kiasi, joto linashindwa kutoka nje, au kipozaji chenyewe hakizunguki kama ipasavyo. Ni tatizo la nne tu linalohusu gesi.

UCHUNGUZI WA AWALI

Kabla ya kugusa chochote, mwenye friza hana budi kusikiliza na kupapasa. Aisikilize kompresa: je, inanguruma? Kisha apitishe kiganja kwa uangalifu karibu na kondensa, au kwenye kuta za nje iwapo kondensa imefichwa: je, kuna uvuguvugu? Majibu ya maswali haya mawili hugawa matatizo katika makundi.

Kompresa ikiwa kimya kabisa na taa ya friza haiwaki, kosa litafutwe katika umeme. Taa ikiwaka lakini kompresa iko kimya, kosa laweza kuwa kwenye themostati au kwenye kifaa cha kuiwashia kompresa. Kompresa ikivuma kwa sekunde chache, ikatoa mlio wa "tik" na kunyamaza, kisha ikarudia hivyo kila baada ya dakika kadhaa, maana yake inajaribu kuanza nayo haiwezi. Kompresa ikifanya kazi bila kupumzika na kondensa ikawa na joto, kipozaji kinazunguka. Basi joto linaingia mno au halitoki vema. Lakini kompresa ikifanya kazi mfululizo huku kondensa ikiwa baridi kama ukuta wa chumba, hapo ndipo shaka ya kuvuja kwa gesi au kuchoka kwa kompresa inapokuwa na msingi.

UMEME DHAIFU

Umeme wa majumbani Tanzania hukusudiwa kuwa na volti 230. Hata hivyo, nyumba zilizo mwisho wa njia ndefu, mbali na transfoma, huweza kupata volti chache zaidi, hasa saa za jioni watu wengi wanapopika na kupiga pasi. Vifaa vingine huvumilia upungufu huo. Balbu za zamani zenye waya wa kuwaka zilififia na kumjulisha mwenye nyumba kwamba umeme ni mdogo. Balbu nyingi za LED za siku hizi huendelea kuwaka vizuri hata volti zikishuka, na kwa hiyo hazitoi onyo lolote.

Kompresa haina uvumilivu huo. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina yake hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 160, uwiano ni 160 kwa 230, yaani 0.70 hivi, kipeo chake cha pili ni 0.48. Mota imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake za kuanzia. Inashindwa kuondoka, inavuta mkondo mkubwa wa umeme, inapata moto, na kifaa cha kuilinda huikata. Ule mlio wa "tik" ndio sauti ya kifaa hicho. Jambo hili likirudiwa usiku kucha, waya za mota huungua. Dalili kama hizi huweza pia kuletwa na relei au kapasita mbovu, navyo ni vifaa vya bei nafuu kuliko kompresa. Ni fundi mwenye kipimo cha umeme anayeweza kutenganisha sababu hizi. Kapasita isiguswe na asiye fundi, kwani huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.

Umeme unapokatika na kurudi papo hapo, kuna hatari nyingine. Kompresa inaposimama, upande mmoja wa mfumo hubaki na kanieneo kubwa na upande mwingine kanieneo ndogo. Huchukua dakika tatu hadi tano kwa kanieneo hizo kusawazika kupitia kapilari. Kompresa ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, inakuwa kama mtu anayesukuma mlango ambao mwingine anausukuma kutoka upande wa pili. Ndiyo sababu inafaa kuchomoa plagi umeme unapokatika na kusubiri dakika tano baada ya kurudi kwake, au kutumia kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme chenyewe. Waya za kuongezea zilizo nyembamba na ndefu nazo ziepukwe, kwa kuwa volti hupotea njiani.

JOTO LINALOINGIA MLANGONI

Mlango wa friza hufungwa na ukanda wa mpira wenye sumaku ndani yake. Mpira ukikakamaa, ukipasuka au ukiingia uchafu, hewa ya nje hupenya. Kipimo chake ni rahisi. Chukua noti au karatasi, iweke kati ya mpira na ukingo wa sanduku, funga mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mahali hapo pana pengo. Zunguka hivyo pande zote nne. Mara nyingi mpira huhitaji tu kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kukaushwa, uliopasuka hubadilishwa.

Hewa inayopenya huleta joto na maji pia. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevunyevu wa asilimia 80, ambayo si ajabu katika mwambao, hubeba gramu 24 hivi za mvuke katika kila meta moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi. Tuseme friza ya kusimama ya lita 200 inafunguliwa mara 20 kwa siku, na kila mara hewa yake yote inabadilishwa. Kila ufunguaji utaacha ndani gramu 4.6 za maji. Kwa siku ni gramu 92, na kwa mwezi ni karibu kilo tatu. Katika hali halisi hewa yote haibadiliki kila mara na kiasi huwa pungufu, lakini hesabu hiyo inaonyesha barafu nyeupe ya ukutani inatoka wapi.

Friza ya kulala, ambayo mlango wake uko juu, hupoteza hewa baridi kidogo zaidi, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hubaki chini kama maji katika beseni. Friza ya kusimama inapofunguliwa, hewa hiyo humwagika miguuni mwa aliyeifungua.

SAKITU, BLANKETI LA FRIZA

Barafu nyeupe inayojijenga juu ya kivukizi huitwa sakitu. Wako wanaodhani kwamba sakitu nyingi ni ishara ya friza yenye nguvu. Kinyume chake ndiyo kweli. Barafu ngumu hupitisha joto mara mia moja hivi pungufu kuliko aluminiamu, na sakitu, ambayo imejaa vishimo vya hewa, hupitisha joto kidogo zaidi ya hapo. Sakitu nene ni blanketi lililovikwa kivukizi: mabomba yamebaridi sana, lakini samaki walio upande wa pili wa blanketi wanayeyuka.

Jambo hili linahusiana na tukio maarufu katika historia ya sayansi ya Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa maziwa ya moto na sukari katika friza ya shule ili kutengeneza aiskrimu, akaona kwamba uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu yake. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu sababu, na hata kuhusu masharti ambayo jambo hilo hutokea. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba chombo cha moto huyeyusha sakitu chini yake, kikagusana na kivukizi bila blanketi kati yao. Maelezo hayo hayatoshi kwa majaribio yote, lakini yanakumbusha ni kiasi gani sakitu huzuia joto kupita.

Sakitu ikifikia unene wa nusu sentimeta, inafaa kuondolewa. Chakula kihamishiwe kwenye boksi lenye barafu na kufunikwa kwa magazeti na blanketi, plagi ichomolewe, mlango uachwe wazi, na bakuli la maji ya moto liwekwe ndani ili kuharakisha. Kisu kisitumike kamwe. Kivukizi cha friza nyingi ni bati jembamba la aluminiamu lenye njia za gesi ndani yake, na tundu moja la ncha ya kisu huigeuza kazi ya nusu siku kuwa gharama ya mamia ya maelfu ya shilingi.

Friza zisizojenga sakitu zina feni ya kusambaza hewa na hita ndogo ya kuyeyusha barafu kwa vipindi. Hita hiyo au kifaa kinachoiwasha kikiharibika, barafu hujificha nyuma ya ubao wa ndani na kuziba njia ya hewa. Dalili yake ni feni kukwaruza au kunyamaza, na baridi kubaki sehemu moja tu.

JOTO LISILOTOKA

Joto lote lililotolewa ndani lazima litupwe chumbani kupitia kondensa. Kondensa iliyofunikwa na vumbi, utando wa buibui na mafuta ya jikoni haiwezi kulitupa. Hali kadhalika friza iliyobanwa ukutani, iliyo karibu na jiko la mkaa, au inayopigwa na jua la alasiri. Ukutani iachwe nafasi ya sentimeta 10 hivi, na kondensa ya nyuma ipigwe brashi laini kila baada ya miezi michache, plagi ikiwa imechomolewa. Wenye friza za kulala wazingatie kwamba nyingi zina kondensa ndani ya kuta za pembeni. Kuziegemeza magunia ya mchele au kuzifunika kwa kitambaa kizito cha mapambo ni kuziba pumzi yake.

Iko sababu nyingine ambayo wanunuzi wa friza zilizotumika ng'ambo hawaijui. Nyuma au ndani ya friza nyingi kuna kibandiko chenye herufi zinazoonyesha hali ya hewa ambayo friza ilitengenezewa. SN ni kwa chumba chenye nyuzi 10 hadi 32. N ni nyuzi 16 hadi 32. ST ni nyuzi 16 hadi 38. Na T ni nyuzi 16 hadi 43. Friza ya N iliyofanya kazi vema katika jiko la Ulaya huweza kushindwa katika duka lenye paa la bati pale Mlandizi, si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu imepewa kazi isiyo yake. Kwa Kibaha, herufi ya kutafuta ni T, au angalau ST.

MZIGO ULIOZIDI

Wakati mwingine friza ni nzima, ila inadaiwa muujiza. Tuchukue kilo moja ya maji ya nyuzi 30. Kuyapoza hadi sifuri huhitaji kuondoa kilojuli 4.2 mara 30, yaani 126. Kuyagandisha huhitaji kilojuli 334. Kuipoza barafu hadi nyuzi 18 chini ya sifuri huhitaji kilojuli 38 hivi. Jumla ni kilojuli 498. Muuzaji akiweka kilo 10 za maji ya ukwaju kwa mara moja, friza inapaswa kuondoa kilojuli 4,980. Tuseme kwamba, baada ya kufidia joto lipenyalo kutani, friza yake inabakiwa na uwezo wa kuondoa juli 100 kwa sekunde. Kazi hiyo itachukua sekunde 49,800, yaani karibu saa 14.

Mwanafunzi ataona kwamba theluthi mbili ya kazi yote ni kule kugandisha kwenyewe. Aliyeweka maji saa kumi na mbili jioni asitarajie barafu saa nne usiku, wala asimwite fundi. Dawa ni kuweka mzigo kwa mafungu, kuupoza kwanza nje au kwenye jokofu la kawaida, na kuacha nafasi kati ya mifuko ili hewa ipite.

GESI "HAIISHI"

Kipozaji hakitumiki na kwisha kama mafuta ya taa katika kibatari. Kimefungiwa katika mabomba yaliyochomelewa, na friza nzuri hufanya kazi miaka mingi kwa gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kama gesi imepungua, iko njia iliyopitia. Kujaza bila kutafuta tundu ni kumwaga maji katika pakacha.

Dalili za kuvuja ni hizi: kompresa haipumziki, kondensa haina joto, na sakitu hutokea sehemu ndogo tu mwanzoni mwa kivukizi, kwingine kukiwa kukavu. Pengine huonekana madoa ya mafuta kwenye maungio ya mabomba, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Kapilari iliyoziba huweza kutoa dalili zinazofanana na hizo. Friza inayogandisha vizuri kwa saa chache, ikaacha, ikazimwa na kuyeyuka, kisha ikagandisha tena, aghalabu ina maji ndani ya mfumo. Tone dogo huganda mwishoni mwa kapilari na kuifunga kama kizibo.

Aina ya kipozaji ni jambo la maana sana. Friza za zamani zilitumia R12, ambayo ilionekana kuharibu tabaka la ozoni linalochuja mionzi ya jua. Mataifa yalikubaliana kuikomesha kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993; nchi zinazoendelea ziliacha matumizi yake mwanzoni mwa mwaka 2010. Ilifuatwa na R134a, isiyoharibu ozoni, lakini ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi katika muda wa miaka mia moja. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yanakusudia kuipunguza nayo.

Friza nyingi mpya hutumia R600a, yaani isobutani. Madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno, lakini huwaka moto. Kwenye kompresa huwekwa alama ya pembetatu yenye mwali. Friza yenye alama hiyo isichomelewe kwa moto ikiwa na gesi ndani, na isijazwe gesi ya kupikia wala aina nyingine yoyote isiyoandikwa kwenye kibandiko. Tena R600a huchemka kwenye nyuzi 11.7 chini ya sifuri katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Ili ichemke katika baridi kali zaidi, kanieneo ndani ya kivukizi lazima iwe ndogo kuliko ya hewa ya nje. Kwa sababu hiyo, tundu la upande huo hufyonza hewa na unyevu kuingia ndani wakati kompresa inafanya kazi, badala ya kutoa gesi tu. Fundi stadi hutafuta tundu, huliziba, hubadilisha kichujio, huondoa hewa yote kwa pampu ya kuvuta, ndipo hupima gesi kwa mizani, kwani friza ya nyumbani huhitaji gramu chache tu. Fundi anayejaza kwa kukisia bila mizani wala pampu ya kuvuta hastahili malipo.

CHAKULA KILICHOYEYUKA

Wakati uchunguzi ukiendelea, chakula kinahesabu saa. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kuhifadhi ubaridi wake kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Kila ufunguaji hupunguza muda huo, na joto la pwani nalo hupunguza. Kwa hiyo mlango usifunguliwe kwa udadisi.

Iko njia rahisi ya kujua kama friza iliyeyuka na kuganda tena wakati wenyewe hawapo. Gandisha maji katika kikombe na weka sarafu juu ya barafu. Siku ya kurudi, sarafu ikiwa juu, chakula hakikuyeyuka. Ikiwa imezama chini, barafu yote iliyeyuka, na haijulikani kwa muda gani.

Nyama au samaki ambao bado wana chembe za barafu ndani huweza kugandishwa tena au kupikwa mara moja. Waliokaa zaidi ya saa mbili katika halijoto inayozidi nyuzi tano watupwe. Tahadhari zaidi inahitajika kwa jodari na vibua. Bakteria huibadilisha kemikali iliyo katika nyama ya samaki hao kuwa histamini, ambayo humfanya mlaji awashwe, awe mwekundu usoni, aumwe na kichwa na kutapika. Histamini haiharibiwi kwa kuchemsha wala kukaanga. Pilipili na ndimu huficha harufu, haziondoi sumu.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Vifaa: vikombe viwili vya bati vinavyolingana, maji, mizani, themometa mbili, kitambaa na saa.

Tia gramu 100 za maji ya halijoto moja katika kila kikombe. Weka kikombe cha kwanza moja kwa moja juu ya sakafu ya kivukizi iliyofutwa sakitu. Kikombe cha pili kiweke juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Pima halijoto ya kila kimoja baada ya kila dakika 15, na chora grafu mbili katika mhimili mmoja. Kitambaa kinawakilisha sakitu. Angalia pia sehemu ya grafu iliyolala karibu na sifuri, ambapo joto linatoka lakini halijoto haishuki, na eleza kwa nini.

MASWALI

1. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 184, nguvu ya kuzungusha ya mota ya kompresa itabaki asilimia ngapi ya ile ya awali?

2. Friza huondoa juli 80 kwa sekunde baada ya kufidia joto la kutani. Itachukua saa ngapi kugeuza kilo 5 za maji ya nyuzi 25 kuwa barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri?

3. Mtu mmoja aliacha mlango wa friza wazi usiku kucha ili kupoza chumba kilichofungwa. Asubuhi chumba kilikuwa na joto zaidi. Eleza joto la ziada lilitoka wapi.

4. Kompresa ya friza haipumziki, kondensa ina joto, noti haikwami mlangoni upande wa kulia, na sakitu ni nene upande huohuo. Fundi anataka kujaza gesi. Mshauri mwenye friza afanye nini kwanza, na toa sababu zako.